Freddie Mercury: mtoto wa Unguja na gari ambalo hakuwahi kukaa kwenye usukani wake

Gari likipita Nyakatuntu wakati wa mvua, swali la kwanza huwa ni moja: ni la nani? Watu hawaulizi limetengenezwa wapi wala linakwenda kasi gani. Probox iliyojaza abiria wanaokwenda Nkwenda, lori lililobeba kahawa, pikipiki iliyofungwa mkungu wa ndizi nyuma, kila kimoja kina mwenyewe, na kijiji kinamjua. Mwenyewe akifa, swali hilo hilo hurudi, ila sasa huulizwa kwa sauti ya chini: sasa litakuwa la nani?

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyezaliwa katika nchi yetu, akafahamika dunia nzima kwa sauti yake, na akafariki zaidi ya miaka 30 iliyopita. Ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Nyimbo zake nyingi mmezisikia, hata kama jina lake hamlikumbuki. Safari hii hatutafuata nyimbo. Tutafuata gari lake, Rolls-Royce aina ya Silver Shadow iliyotengenezwa mwaka 1974. Tumelichagua kwa sababu gari hilo limepita mikononi mwa watu wengi, na kila lilipohama mkono lilituonyesha jambo juu ya mali, ugonjwa na kifo ambalo sisi wa Kagera tunalifahamu vizuri.

Mtoto wa mshika fedha wa mahakama

Freddie alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Jina alilopewa na wazazi ni Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi, na mama yake, Jer, walikuwa Waparsi, watu wenye asili ya Uajemi ambao wahenga wao walihamia India karne nyingi zilizopita na kushika dini ya Zoroasta. Kutoka Gujarat, India, Bomi alikuja Zanzibar kufanya kazi ya serikali ya wakati huo. Alikuwa mshika fedha katika Mahakama Kuu.

Haikuwa familia ya kifalme, lakini haikuwa ya kimaskini. Mshahara wa serikali ulitosha kuwa na nyumba nzuri na kumsomesha mtoto mbali. Alipofikisha miaka 8, Farrokh alipandishwa meli kwenda India, katika shule ya bweni ya St Peter's iliyoko Panchgani, milimani, mwendo mrefu kutoka Bombay. Huko wenzake walianza kumwita Freddie. Huko pia alijifunza piano, na akaunda na wenzake bendi ya shule. Kwa miaka mingi ya utoto wake aliwaona wazazi mara chache. Mzazi yeyote wa hapa kwetu aliyempeleka mtoto bweni anajua maana ya jambo hilo, ila huyu alitenganishwa na wake kwa bahari nzima.

Alirudi Unguja mwaka 1963, kijana wa miaka 16. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar, na miezi michache baadaye familia ya Bulsara ilifunga mizigo michache na kuondoka kwenda Uingereza. Nyumba, kazi na majirani vilibaki nyuma. Tunalitaja hili mapema, kwa sababu mtu aliyewahi kuona mali ya wazazi wake ikibaki nyuma kwa siku chache huiangalia mali kwa jicho jingine maisha yake yote.

Feltham, karibu na uwanja wa ndege

Familia ilifikia Feltham, mji mdogo pembeni mwa London, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Nyumba yao ilikuwa ndogo, imebanana na za majirani kwa ukuta mmoja. Freddie alisoma chuo cha sanaa cha Ealing, akajifunza uchoraji na usanifu wa picha, akamaliza mwaka 1969. Wakati wa masomo alifanya vibarua, pamoja na kazi pale uwanja wa ndege. Kisha, pamoja na rafiki yake Roger Taylor, alikuwa na kibanda sokoni Kensington, wakiuza nguo za mtumba. Nyota wa dunia alianza kama wauza mitumba wa Omurushaka: kuchambua, kuning'iniza na kupatana bei.

Mwaka 1970 Freddie, Taylor na mpiga gitaa Brian May waliunda bendi wakaiita Queen, yaani Malkia. Mwaka uliofuata John Deacon alijiunga nao. Ni wakati huo Farrokh Bulsara alipochukua jina la Mercury. Santuri yao ya kwanza ilitoka mwaka 1973.

Sasa tufike mwaka 1974. Mwaka huo, katika kiwanda cha Crewe, kaskazini magharibi mwa Uingereza, Rolls-Royce tunayoizungumzia ilitoka mlangoni ikiwa mpya. Mwaka huo huo Queen walianza kuvuma redioni. Lakini mifukoni mwao hapakuwa na kitu. Walikuwa wamefungwa na mkataba uliowapa posho ndogo ya kila wiki, huku nyimbo zao zikiuzwa. Freddie asingeweza kununua hata tairi za gari lile. Mnunuzi wa kwanza alikuwa mtu mwingine.

Mwaka 1975 walijitoa katika mkataba ule. Mwaka huo huo walitoa wimbo Bohemian Rhapsody, alioutunga Freddie, wenye urefu wa karibu dakika 6. Wakati huo redio nyingi zilipendelea nyimbo fupi za dakika 3. Ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki 9. Kuanzia hapo maisha yakabadilika.

Gari la namna gani?

Tueleze gari lenyewe, maana bila kulielewa hatutaelewa kwa nini watu walilipenda.

Uingereza ya zamani ilitengeneza magari mengi ya kupendwa. Yalikuwepo madogo ya michezo ya milango miwili, kama MG na Jaguar E-Type, ambayo mwenyewe huyanunua ili ayaendeshe mwenyewe, kwa kasi, upepo ukimpiga usoni. Rolls-Royce ilikwenda njia tofauti. Uzuri wa MG uko kwenye usukani. Uzuri wa Silver Shadow uko kwenye kiti cha nyuma.

Silver Shadow ilitengenezwa kuanzia mwaka 1965 hadi 1980. Ilikuwa Rolls-Royce ya kwanza kujengwa bila chesisi ya kujitegemea: bodi yenyewe ndiyo iliyobeba kila kitu, kama yalivyo magari madogo mengi ya leo. Uzito wake unapita tani 2. Injini yake ni ya silinda 8, lita 6.75, karibu mara nne na nusu ya injini ya Probox ya lita 1.5. Ulaji wake wa mafuta ni mkubwa mno. Lita moja ya petroli huifikisha kama kilomita 5. Kwa miaka mingi kampuni haikupenda hata kutangaza nguvu ya injini zake. Ilitaka mnunuzi aamini kwamba inatosha, basi.

Siri ya gari hilo ilikuwa utulivu. Pamoja na springi, liliwekewa mfumo wa mafuta yenye mgandamizo, teknolojia iliyotokana na kampuni ya Citroën ya Ufaransa, uliolifanya likae sawasawa hata likipakia watu wengi nyuma. Giaboksi ni ya otomatiki na breki ni za diski magurudumu yote manne. Ndani kuna viti vya ngozi halisi na mbao zilizopigwa msasa na mafundi kwa mikono. Mbele kabisa, juu ya grili, kuna kisanamu cha mwanamke aliyeinamia upepo, ambacho kampuni imekitumia tangu mwaka 1911. Ukikiona hicho kwa mbali, huhitaji kusoma jina.

Katika barabara zetu za udongo wakati wa masika gari hilo lisingefika mbali. Tumbo lake liko chini, na fundi wa kulitengeneza ungemsubiri mpaka uchoke. Lakini London lilikuwa ishara. Zamani lilikuwa gari la wafalme na wenye viwanda. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa muziki waliotoka nyumba za kawaida wakaanza kulinunua. John Lennon wa Beatles alikuwa na Rolls-Royce aliyoipaka rangi ya njano na maua. Kwa vijana hao, kukaa ndani ya gari hilo kulikuwa namna ya kutangaza kwamba mlango uliofungwa kwa wazazi wao sasa umefunguka. Kwa mtoto wa familia iliyokuja Uingereza bila mali, maana hiyo ilikuwa nzito zaidi.

Kampuni nayo iliuzwa na kuuzwa tena

Hata jina Rolls-Royce lenyewe halikubaki kwa mwenyewe mmoja. Charles Rolls na Henry Royce walikutana Manchester mwaka 1904, mmoja muuza magari, mwingine fundi. Kampuni yao ikatengeneza magari na injini za ndege. Mwaka 1971 ilifilisika kwa sababu ya gharama za kubuni injini moja ya ndege, na serikali ya Uingereza ikaichukua. Mwaka 1973 upande wa magari ukatengwa kuwa kampuni yake. Kwa hiyo gari tunalolifuata lilizaliwa mwaka mmoja tu baada ya nyumba yake kugawanywa.

Mwaka 1980 kampuni ya Vickers ikanunua upande huo wa magari. Mwaka 1998 kukatokea kisa cha ajabu. Kampuni mbili za Ujerumani ziligombea. Volkswagen ilinunua kiwanda cha Crewe, lakini BMW ikapata haki ya kutumia jina la Rolls-Royce kwa pauni milioni 40. Mmoja kapata nyumba, mwingine kapata jina. Tangu mwaka 2003 magari ya Rolls-Royce yanatengenezwa Goodwood, kusini mwa Uingereza, chini ya BMW, na kiwanda cha Crewe kinatengeneza Bentley. Ukoo uliogawana mirathi vibaya utaielewa hadithi hii bila kuelezwa mara mbili.

Mwaka 1979: gari la mkono wa pili

Freddie alilipata gari hilo mwaka 1979. Wakati huo alikuwa tajiri, angeweza kwenda Crewe akaagiza jipya. Alichukua lililotumika, lenye umri wa miaka 5. Wengi wetu ambao magari yetu yalitumika Japani kwanza kabla ya kufika Kyerwa tuna haki ya kutabasamu hapo.

Kuna mambo mawili zaidi ya kushangaza. La kwanza, kwenye karatasi gari halikuwa lake. Lilinunuliwa na kuandikishwa kwa jina la kampuni yake, Goose Productions. Ungeuliza ni la nani, jibu la sheria lingekuwa kampuni, ingawa kila mtu mtaani angekujibu ni la Freddie. La pili, Freddie hakuwa na leseni ya udereva. Alikuwa na dereva wa kumpeleka na kumrudisha, naye akakaa nyuma.

Kwa hiyo mtu aliyemiliki moja ya magari yaliyosifiwa sana Uingereza hakukaa kwenye usukani wake. Wengine waliona ni maringo. Sisi tunaliona kwa namna nyingine. Jukwaani Freddie ndiye aliyekuwa dereva. Tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la Live Aid la kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia, alikuwa na dakika kama 20 tu, na katika dakika hizo aliushika uwanja wa watu zaidi ya elfu 70 kama mtu ashikaye hatamu. Alipoimba, wakaimba, aliponyamaza, wakanyamaza. Mtu anayebeba umati kiasi hicho anahitaji mahali ambapo hakuna anayemdai kitu. Kiti cha nyuma cha gari lisilo na kelele kilikuwa mahali pa namna hiyo.

Gari hilo likakaa naye miaka 12, hadi mwisho wa uhai wake.

Ugonjwa ambao Kagera tuliujua mapema

Sasa tufike pagumu. Onyesho la mwisho la Freddie akiwa na Queen lilifanyika Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986. Watu wake wa karibu walieleza baadaye kwamba mwaka 1987 alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI. Aliendelea kurekodi nyimbo studioni, lakini hakusimama tena kwenye ziara. Magazeti yalimvizia mlangoni, yakimpiga picha alivyokonda. Yeye akanyamaza.

Msikilizaji wetu, wakati huo sisi tulikuwa wapi? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini Tanzania, watatu, walipatikana hapa hapa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla jina la kitaalamu halijafika vijijini, watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka waliuita Slim, kwa jinsi ulivyokondesha. Wazee mnaotusoma mnakumbuka nyumba zilizofungwa, mibanda iliyoota magugu, bibi na babu walioanza kulea upya wakiwa na miaka 70. Mnakumbuka pia ukimya. Jamaa walizika wakisema ni malaria, ni kifua, au ni kurogwa.

Tajiri wa London na mkulima wa Kaisho walifungwa mdomo na aibu ile ile. Mwanamuziki mmoja wa jirani yetu alichagua njia tofauti: Philly Lutaaya wa Uganda, ambaye mwaka 1989 alitangaza hadharani kwamba anao ugonjwa huo, akazunguka mashuleni na makanisani kuwaonya watu, na akafariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Freddie alisubiri hadi saa za mwisho. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwa vyombo vya habari kuthibitisha kwamba anaumwa UKIMWI. Jioni ya siku iliyofuata, tarehe 24 Novemba, alifariki nyumbani kwake Kensington kwa homa ya mapafu iliyotokana na ugonjwa huo. Alikuwa na miaka 45. Aliagwa kwa ibada ya dini ya wazazi wake, ya Zoroasta.

Hatuwezi kumhukumu kwa ukimya wake, maana wengi wetu tulinyamaza. Ila tunasema wazi kwamba wakati ule dawa za kufubaza virusi za leo hazikuwepo. Tanzania ilianza mpango wa kutoa dawa hizo bure mwaka 2004. Kwa dawa hizo, mtu aliyepata maambukizi anaweza kuishi, kulima, kuimba na kuwaona wajukuu.

Aliyenyamaza juu ya ugonjwa hakunyamaza juu ya mali

Kuna jambo moja Freddie alilifanya kwa uwazi. Aliandika wosia.

Nyumba yake kubwa ya Garden Lodge aliiacha kwa Mary Austin, aliyekuwa mchumba wake ujanani na akabaki rafiki yake wa karibu hadi kifo. Alimwachia pia nusu ya mapato ya baadaye ya kazi zake; nusu iliyobaki ikagawanywa sawa, robo kwa wazazi na robo kwa mdogo wake wa kike, Kashmira. Watu watatu waliokuwa wakiishi naye na kumuuguza, kila mmoja alipata pauni 500,000. Na dereva wake, yule aliyekaa kwenye usukani huku mwenye gari akikaa nyuma, alipata pauni 100,000.

Hapo tumesimama kidogo. Ni mara ngapi tumeona tajiri akifa, na kijana aliyemwendesha miaka kumi akaambiwa siku ya msiba arudishe funguo aende kwao? Freddie hakuwaachia ndugu kazi ya kukumbuka nani alimsaidia. Aliandika majina mwenyewe, akiwa bado na nguvu ya kushika kalamu.

Si kwamba kila mtu alifurahi. Baada ya kifo, baadhi ya waliokuwa wakiishi naye katika ile nyumba walilazimika kuhama. Wosia hauondoi machozi. Lakini uliondoa swali la nini ni cha nani, na hilo peke yake ni kubwa.

Safari ya gari bila mwenyewe

Na gari? Lilikuja kukaa na familia ya Kashmira. Hawakulifungia kioo kama sanamu. Mwaka 2002, mchezo wa jukwaani uliotengenezwa kwa nyimbo za Queen ulipozinduliwa London, gari hilo lilionekana tena barabarani kuipeleka familia kwenye shughuli.

Mwaka 2013 liliuzwa kwa mnada London kwa pauni 74,600. Silver Shadow nyingine ya umri huo, isiyo na historia, ingepatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Ngozi ya viti ni ile ile, injini ni ile ile. Nyongeza yote ililipwa kwa ajili ya mtu aliyewahi kukaa nyuma.

Kisha ikaja vita ya Ukraine. Mwezi Novemba 2022 gari lilirudi mnadani London, safari hii mapato yakielekezwa kwa Superhumans, kituo kilichokuwa kikijengwa karibu na mji wa Lviv, Ukraine, kwa ajili ya watu waliokatwa viungo vitani, ili wapate miguu na mikono ya bandia na kujifunza upya kutembea. Liliuzwa kwa pauni 286,250, karibu mara nne ya bei ya mwaka 2013. Mwaka uliofuata kituo kile kikafunguliwa.

Sisi wa Kyerwa na Karagwe tuliowahi kusikia mizinga ya vita ya 1978 na 1979 mpakani hatuhitaji kufundishwa thamani ya mguu wa bandia. Gari ambalo mwenyewe hakuweza kuliendesha, miaka 31 baada ya kifo chake, limesaidia watu wasiomjua kusimama tena kwa miguu yao.

Kwetu, kadi ni ya nani?

Tumalizie nyumbani. Wengi wenu hamna Rolls-Royce, na msiihitaji. Lakini mna pikipiki, shamba la kahawa, kibanda cha ndizi, mashine ya kukoboa. Tuulize: kadi ya pikipiki hiyo ina jina la nani? Vijana wengi wamenunua pikipiki mkono wa tatu, na kadi bado ina jina la mtu ambaye hawajawahi kumwona. Siku ya ajali au ya msiba, karatasi ndiyo itakayozungumza. Ukinunua chombo, andikeni mkataba, kisha fuateni uhamisho wa umiliki TRA, gari lisije likabaki kwenye jina la marehemu.

Na wosia si wa matajiri tu. Kwa taratibu za kimila zilizoandikwa katika sheria yetu ya mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Mashahidi wote wawe wanajua kusoma na kuandika. Ukitaka pawe salama zaidi, RITA hupokea na kutunza wosia. Mtaje mke, wataje watoto wa kike kama wa kiume, na kama yupo aliyekusaidia kwa miaka, usione aibu kuandika jina lake.

Mtoto wa mshika fedha wa Unguja aliimba kwa miaka 20 tu, na nyimbo zake bado zinapigwa. Gari lake bado lipo, liko kwa mwenyewe mwingine, na siku moja litakwenda kwa mwingine tena. Likipita barabarani watu wataendelea kuuliza ni la nani, na jibu litaendelea kuwa moja: lilikuwa la Freddie.